Simu Moja ya Watu 143

Mwaka jana, muhula wa pili, CR wetu alinipa kazi ambayo wanafunzi wa kompyuta hupewa kila mahali na hawalipwi: "Kaka, tutengenezee kitu cha kutunza majina na simu za darasa zima." Mpaka siku hiyo orodha ilikuwa kwenye daftari lililochanika jalada, namba nyingine zimekatwa kwa kalamu, nyingine zimeongezwa pembeni kwa penseli. Tulikuwa 143. Nikakesha usiku mmoja nikaunda databesi ndogo yenye safu tatu: jina, namba ya usajili, simu. Safu ya simu nikaiwekea aina ya namba nzima, maana simu ni namba, au siyo? Fomu ikasambazwa kwenye grupu, kila mtu akajaza simu yake akianza na 255 kama fomu ilivyotaka. Daftari likaenda jalalani. Tukajisifu kwamba tumehamia dijitali.

Wiki tatu baadaye jaribio la maabara likahamishwa kutoka Ijumaa kwenda Jumatano. CR akaniambia nitume ujumbe mfupi kwa wote, kwa sababu si kila mtu ana bando kila siku, hasa bumu likiwa limechelewa. Nikafungua safu ya simu. Mstari wa kwanza: 2147483647. Wa pili: 2147483647. Nikashuka mpaka chini kabisa. Watu 143, simu moja.

Tukagonga milango ya mabweni, tukatangaza kwenye grupu, tukapiga kelele kantini. Karibu wote walipata habari. Rafiki yangu mmoja, anayepanga mtaani na ambaye bando lake lilikuwa limekata tangu Jumatatu, hakupata. Alikuja Ijumaa na koti lake jeupe, akakuta maabara imefungwa. Alama za jaribio lile hazikufidika, akaangukia sapu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Hiyo namba mliyoniandikia, ni ya nani?"

Nikamjibu si ya mtu, ni kikomo. "Kikomo cha nini?" Nikaanza kueleza, na katikati ya maelezo nikagundua mimi mwenyewe sijui vizuri. Jibu nililopaswa kumpa siku ile ndilo hili.

Kompyuta huhifadhi namba kwa vijumba vidogo viitwavyo biti, kila kimoja kikiwa na 0 au 1. Aina ya namba niliyoichagua mimi hutumia biti 32. Moja inatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Biti ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Ukiwasha zote kwa pamoja unajumlisha 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea. Angalia zile nne za mwanzo: jumla ni 15, yaani moja pungufu ya 16. Ukiongeza ya tano unapata 31, moja pungufu ya 32. Daima unakosa moja tu kufikia hatua inayofuata. Kwa hiyo biti 31 zikiwaka zote jumla yake ni 2³¹ − 1, na hiyo ndiyo 2147483647. Bilioni mbili na ushei. Namba ya simu ya Tanzania ukiianza na 255 ni zaidi ya bilioni 255. Programu niliyotumia, jinsi nilivyoiacha bila kuikaza masharti, haikukataa wala haikulalamika. Kila kilichozidi ilikibana kwenye kikomo. Mimina lita 200 kwenye ndoo ya lita 20, au mimina lita 900, mwisho wa siku ndoo ina lita 20.

Hapa kuna jambo lililoniuma zaidi nilipolifikiria. Kuna kompyuta na lugha za programu ambazo namba ikizidi haibanwi bali inazunguka, kama saa ya ukutani inavyotoka 12 kurudi 1. Inabaki lile baki baada ya kugawanya kwa 2³², ambayo ni 4294967296. Kama programu yangu ingefanya hivyo, namba zote 143 zingeonekana takataka tupu, lakini ningezirudisha zote. Sababu ni kwamba simu zote zinazoanza na 255 ziko kati ya 255000000000 na 255999999999. Hapo kuna nafasi bilioni 1 tu, na saa yangu ingekuwa na nafasi zaidi ya bilioni 4, kwa hiyo hakuna simu mbili ambazo zingeangukia mahali pamoja. Kuzungusha kungeficha tu. Kubana kuliua. Simu 143 tofauti zikiisha kuwa kitu kimoja, hakuna hisabati duniani itakayozitenganisha.

Nilipokuwa natafuta makosa ya watu wengine wenye orodha kama yangu (wako wengi, nilifarijika), nikakutana na habari ambayo sikuitarajia: 2147483647 ni namba tasa.

Kwa waliotoka darasani siku nyingi, namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea. Jina lenyewe mimi naona limekaa vibaya. Tasa kwetu ni asiyezaa, ilhali namba zote nyingine zinazaliwa na hizi. 12 ni 2 × 2 × 3, na hakuna namba nzima kubwa kuliko 1 isiyopatikana kwa kuzidisha tasa, au isiyokuwa tasa yenyewe. Lakini ndivyo tulivyofundishwa shule ya msingi na ndivyo tutakavyoendelea kuita.

Swali la maana ni hili: mtu anajuaje? 7 unaona kwa macho. 2147483647 huioni. Leo simu ya mkononi inakupa jibu kabla hujafumba jicho, ila namba hii ilithibitishwa mwaka 1772, kwa mkono. Aliyefanya hivyo ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi na karibu kipofu kabisa. Habari aliitoa kwenye barua kwa mmoja wa akina Bernoulli, ule ukoo wa wanahisabati wa Basel.

Na haikuwa wazi kwamba jibu lingekuwa ndiyo. Namba za aina hii, yaani 2 kwa kipeo fulani kisha toa 1, zilikuwa zimeshawaaibisha watu. Kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo haiwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa unaweza kupata tasa au usipate. Vipeo 2, 3, 5 na 7 vinakupa 3, 7, 31 na 127, zote tasa. Unaanza kutamba. Halafu inakuja 11: 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Mwitaliano Pietro Cataldi alizithibitisha zile za kipeo 17 na 19 kwa kugawa moja baada ya nyingine, kisha akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa tasa. Fermat akaja kuonyesha kwamba 23 na 37 hazifai. Euler mwenyewe akaiangusha 29. Katika madai manne lilibaki moja. Hata padri Marin Mersenne, ambaye namba hizi zimepewa jina lake, alitoa orodha mwaka 1644 ambayo 31 imo, lakini humo humo aliingiza 67 na 257 ambazo si tasa, na akaziacha 61, 89 na 107 ambazo ni tasa. Orodha ya mtu mwenye makosa matano huwezi kuitumia kama ushahidi.

Njia ya kawaida ni kujaribu kugawa. Habari njema ni kwamba huhitaji kufika mbali: kama namba ina vigawo, kimoja lazima kiwe hakizidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46,340 na ushei. Habari mbaya ni kwamba chini ya hapo kuna namba tasa 4,792. Ukigawanya kwa mkono dakika tano kila moja, ni zaidi ya saa 399, bila kula wala kulala. Na ukikosea mara moja tu katikati, kazi yote haina maana.

Euler hakufanya hivyo. Aliuliza kwanza: kama kigawo kipo, lazima kiwe na sura gani? Hapa naomba uvumilivu wa aya tatu, na ukiwa na kalamu ni bora zaidi.

Anza na mfano mdogo, 2047. Tunajua 23 inaigawa. Andika 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila ukizidi 23 toa 23. Utapata 1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, halafu 24 ambayo ukitoa 23 inakurudisha kwenye 1. Umezunguka kwa hatua 11 kamili. Si bahati: kusema 23 inaigawa 2¹¹ − 1 ni sawa na kusema 2¹¹ ikigawanywa kwa 23 inabaki 1, yaani kwenye hatua ya 11 uko nyumbani. Urefu wa mzunguko lazima uigawe 11, na 11 haigawanyiki ila kwa 1 na 11. Mzunguko wa hatua 1 hauwezekani. Basi ni 11. Sasa Fermat alishagundua kwamba kwa namba tasa yoyote isiyokuwa 2, tuiite q, kwenye hatua ya q − 1 nako utakuwa nyumbani. Kwa hiyo hatua 22 lazima ziwe mizunguko kamili ya hatua 11, na ni kweli, ni miwili. Kigawo kile kingine, 89, ni vilevile: 88 ni mizunguko minane.

Fanya hayo hayo kwa 31. Kigawo chochote cha tasa q cha 2³¹ − 1 lazima kiwe na mzunguko wa hatua 31, kwa hiyo q − 1 inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, basi inagawanyika kwa 62. Umeshatupa karibu zote: 3, 5, 7, 11, 13, hakuna haja ya kuzijaribu hata moja.

Hatua ya pili ina ujanja zaidi. Kama 2³¹ inabaki 1, basi 2³² inabaki 2. Lakini 2³² ni mraba, ni 2¹⁶ mara yenyewe. Kwa hiyo mbele ya q, namba 2 inageuka kuwa mraba wa kitu fulani. Inajulikana kwamba hilo hutokea kwa tasa zile tu ambazo ukizigawa kwa 8 zinabaki 1 au 7 (uthibitisho wake wanao wenzetu wanaosoma nadharia ya namba, waulizeni). Unganisha masharti hayo mawili. KDS ya 8 na 62, ile ile KDS ya shule ya msingi, ni 248. Kigawo lazima kiwe cha sura ya 248n + 1 au 248n + 63. Basi.

Hesabu ni ngapi chini ya 46,340. Familia ya kwanza inaanza na 249 na kuishia 46,129: ziko 186. Familia ya pili inaanza na 63, ambayo si tasa, kisha 311 mpaka 46,191: nazo 186. Jumla 372. Na nyingi kati ya hizo zinajiondoa zenyewe kwa kutokuwa tasa. 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa ni 311, nami niliijaribu kwa mkono: inaingia mara 6905092, inabaki 35. Nilitumia dakika nne na karatasi niliichafua sana. Euler alizimaliza zote, hakuna iliyoingia kamili. Kwa miongo mingi baada ya hapo hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika juu ya namba timilifu iliyojengwa kwa tasa hii. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuwa yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Ukizidisha 2³⁰ kwa 2147483647 unapata nyingine: 2305843008139952128. Barlow alikuwa na hakika kwamba hakuna atakayejisumbua kutafuta kubwa zaidi, kwa sababu ni vitu vya kustaajabia tu, havina faida. Alikosea mara mbili. Mwaka 2024 ilitangazwa tasa ya familia hii hii yenye kipeo cha 136279841. Ukiiandika yote ina tarakimu zaidi ya milioni 41. Na kuhusu faida, yeye asingeweza kujua.

Kabla ya faida nisahihishe kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Nilidhani wahandisi waliichagua namba hii kuwa kikomo kwa sababu ni tasa. Hapana. Kikomo kimekuja kwa sababu kompyuta zinapenda biti 8, 16, 32, 64, na ukitoa ile ya alama zinabaki 7, 15, 31, 63. Kikomo cha biti 16 ni 32767, na hiyo ni 7 × 31 × 151. Kikomo cha biti 64 nacho si tasa. 63 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo 2⁶³ − 1 inagawanyika kwa 2³ − 1, ambayo ni 7. Ila 127 ni tasa, na 2147483647 ni tasa. Vitu viwili vimekutana njiani.

Lakini vikishakutana, vinafaa. Chukua 16807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5. Anza na 1, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, chukua baki, zidisha tena. Unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, kisha 984943658, na ukiangalia huoni mpango wowote. Utaratibu huu, uliotokana na wazo la D. H. Lehmer na kupendekezwa na Park na Miller mwaka 1988 kuwa kipimo cha chini kabisa cha kukubalika, umetumika kwenye programu nyingi zinazohitaji namba za kubahatisha: kuiga foleni, kuchanganya karata za gemu, kuchagua sampuli. Na utasa ndio unaoubeba. Kwa namba ndogo: zidisha kwa 3 ukigawanya kwa 7, unapata 1, 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1. Umepita zote sita bila kurudia. Ile kubwa inapita zote 2147483646 kabla ya kurudi mwanzo. Hiyo ndiyo "tasa" yetu. Ila usiitumie kutengenezea nywila. Anayejua kanuni na namba moja anajua zote zinazofuata.

Kikomo chenyewe kimewakuta wakubwa pia. Desemba 2014 YouTube walisema kwamba wimbo wa Psy, Gangnam Style, umetazamwa kuliko kihesabio cha biti 32 kinavyoweza kuhesabu, wakahamia biti 64. Na kuna lingine linakuja. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na ile inayotumia bado biti 32 itafika sekunde ya 2147483647 tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Kwa sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa na inayozungusha badala ya kubana itaamini ni Desemba 13, 1901. Wengi wetu tutakuwa na miaka thelathini na kitu, kazini. Huenda mfumo wa zamani wa mishahara utakuwa mikononi mwa mmoja wenu.

Mimi safu yangu nimeibadilisha kuwa maandishi. Simu hujumlishi, huzidishi. Haikupaswa kuwa namba tangu mwanzo. Halafu nikanunua daftari jipya, nikapita chumba kwa chumba na mtaa kwa mtaa kukusanya upya simu 143.

Rafiki yangu sapu aliifanya Septemba, akapita. Nilimkuta Oktoba anaosha vyombo nje ya chumba chake, nikampa daftari na kalamu, na nikiwa hapo nikamweleza haya yote, mpaka yale mabaki ya 23 nikamchorea chini kwa kijiti. Alisikiliza bila kunikatiza. Akaandika simu yake, akaitazama.

"Na yangu je, ni tasa?"

Nikajumlisha tarakimu zake, nikapata 45. "Inagawanyika kwa 9."

"Basi andika na hii ya mtandao mwingine," akasema, akachukua tena kalamu.